Mwalimu na Moshi wa Bibi Yangu

Sitalitaja jina lake. Wala usidhani ni heshima. Yeye aliombwa amfiche mtu akashindwa, basi mimi namficha yeye, ajue kwamba kazi hiyo inawezekana.

Nitamwita Mwalimu. Ndivyo alivyoitwa na kila mtu kuanzia Tumati hadi Daudi, hata na wazee ambao darasani hawakuwahi kukanyaga. Alifundisha shule yetu ya msingi ya Tumati kwa miaka mingi, na pembeni alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Hadithi za kale za huku kwetu Mbulu na kule Hanang, enzi za babu wa babu zetu, na ndani yake kila mara kuna mtoto aliyefanya jambo kubwa. Aliandika vinne. Waulize walimu wa leo, watakwambia mzee yule ni hazina. Sikatai, ni hazina. Lakini hata hazina ina mahali ilikotolewa, na mwenyewe yupo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Endagikot, nashona sare za shule, na mtu huwa naanza kumjua kwa nguo. Mwalimu alikuwa na koti moja la kahawia, zito, la kutosha baridi ya kwetu, ile ya mwezi wa saba inayokufuata mpaka kitandani. Lilikuwa na mifuko minne. Wa chini kulia penseli na wembe, wa chini kushoto daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, wa juu miwani, na wa ndani mahindi ya kukaanga aliyotafuna akitembea. Mtoto asiye na penseli aliitwa mbele. Mwalimu alitoa yake, akaikata katikati kwa wembe, akavichonga vipande vyote viwili, akampa kimoja. Penseli nzima hakumpa mtu. "Penseli nzima inampa mtoto kiburi cha karani," alisema. Darasa la tatu na la nne nimeyamaliza kwa nusu penseli zake, na sitasema uongo, nilimpenda. Nililelewa na Bibi, mama yake mama, nyumba haina mwanamume, kwa hiyo nilipoambiwa darasani nichore baba nilichora koti la kahawia.

Fimbo hakuigusa. Enzi zile mwalimu asiyechapa alionekana kama mgonjwa. Lakini salamu! Jamani, salamu ilikuwa vita. Ukimwambia shikamoo huku unatafuna, unarudi mpaka getini unaanza safari upya. Ukiingia ofisini bila kubisha kwa sababu mlango uko wazi, anakutoa nje, anakuacha umesimama kwenye ukungu, kisha anakuuliza umejifunza nini. Jibu lilikuwa moja na tulilikariri sote: "Mlango ulio wazi bado una mwenyewe." Mpaka leo mteja akiingia dukani kwangu bila hodi, mdomo unaniwasha kumwambia maneno hayo. Nayameza, maana najua yametoka kwa nani.

Nikubali pia alivyokuwa hodari, nisije nikaambiwa nina kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini macho pia ninayo. Jumamosi alipanda baiskeli akashuka tambarare za Hanang siku za mnada, wafugaji wanapoleta ng'ombe, akakaa chini na wazee wao. Wafugaji wale na walimu walikuwa mbalimbali. Mwalimu kwao ni mtu anayekuja kuandikisha watoto shule akawapunguzia wachungaji. Lakini yeye alikuwa na swali lake. Wengine huuliza nani alishinda vita, nani alikuwa mkubwa. Yeye aliuliza, "Mzee, siku hiyo mlikula nini?" Basi mzee anacheka, halafu anaanza, na akianza jua linamzamia hapo hapo. "Vita kila mtu atakupambia," Mwalimu alituambia. "Chakula hakina sifa, ndiyo maana hakidanganyi." Kitabu chake cha watoto waliobeba chumvi mgongoni kutoka ziwa Balangida kilizaliwa namna hiyo, na ukikisoma unasikia kiu kabisa, unakwenda kutafuta maji.

Na kwenye vitabu vyote vinne, wezi wa ng'ombe hawana kabila. Wanaitwa wavamizi tu. Mkaguzi mmoja aliyetutembelea aliwahi kumuuliza mbele yetu kwa nini. Mwalimu akajibu, "Darasani kwangu mtoto wa mlimani na mtoto wa tambarare wanakaa dawati moja. Nikiandika nani aliiba ng'ombe wa nani, wakati wa mapumziko nitatenganisha ngumi." Tulipiga makofi, tukaona huyu ndiye mtu mwenye huruma. Shika hapo, nitarudi.

Sasa namna yake ya kuandika. Chochote alichoandika, kabla hakijaenda kwa wachapaji, alitusomea sisi wa darasa la nne, Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya uji. Alisimama karibu na mlango, daftari mkono wa kushoto, penseli mkono wa kulia, jicho moja kwenye karatasi na jicho moja kwetu. Madirisha yetu hayakuwa na vioo, na yalitazama jiko la shule, ambako mama mpishi alichemsha uji kwa kuni tulizobeba wenyewe asubuhi, kila mtoto kijiti chake. Tulilijua lile jiko kuliko tulivyolijua jedwali la kuzidisha. Moshi ukiwa mzito, uji bado. Moshi ukianza kuwa mwembamba, uji umeiva, shika kikombe. Basi Mwalimu akisoma, na mtoto akigeuza shingo kuangalia dirishani, alichora alama pembeni ya daftari. Jioni sehemu yenye alama aliipiga mstari. Haijalishi alikesha nayo siku ngapi, inatoka. "Mdomo wa mtoto una adabu," alisema, "shingo yake haina. Mimi naandika kwa kufuata shingo."

Sisi tulijiona wakubwa mno! Mtu anatoka anajigamba, mimi leo nimemuua chifu mzima, mimi nimekausha mto. Hakuna aliyetueleza kwamba kilichokuwa kinatupwa huenda kilikuwa cha mtu.

Turudi kwa Bibi. Bibi yangu alikuwa na tabia moja iliyojulikana Tumati nzima: hakuwasha moto asubuhi mpaka aone moshi wa jirani. Alijifunga shuka, akasimama mlangoni kwenye baridi, akatazama bonde mpaka nyumba ya kwanza itoe moshi. Ndipo anaingia, anachokonoa majivu, anawasha. Siku ambazo ukungu ulikuwa mzito na haoni nyumba ya mtu, mimi nilikwenda shule bila chai. Watu walicheka. "Bibi anaogopa kuamka wa kwanza," walisema, na yeye alicheka nao. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Moto wa kwanza una maneno." Nikaona ni mambo ya wazee, nikaacha.

Mwalimu hakuacha. Aliyaona hayo akipita na baiskeli, na nilipokuwa darasa hilo la nne akaanza kuja nyumbani jioni. Hodi yake aliipiga mara tatu, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda, akanywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo walizungumza Kiiraqw. Mimi nilifukuzwa nikachote maji. Kila akija Mwalimu, mimi maji. Nafikiri mwezi ule tulikuwa na maji mengi kuliko hospitali. Jioni ya mwisho nilirudi mapema na ndoo kichwani, nikasikia Bibi anasema, "Andika. Nimechoka kuwa nayo peke yangu. Lakini nifiche." Na Mwalimu akamjibu, "Mama, nitakuficha kama nyumba zile." Sikujua ni nyumba zipi. Nilimwona Bibi amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakulifanya hata kwa padri.

Kitabu kilikaa miaka kama kumi ndipo kikatoka. Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, najifunza kushona Mbulu mjini. Kinaitwa *Nyumba Chini ya Nyasi*. Zamani watu wetu walijenga kwa kuchimba ubavu wa mlima, paa likalingana na ardhi, udongo ukatandazwa juu na nyasi zikaota. Ndani wanakaa watu na ng'ombe wao, na mvamizi angeweza kupita juu ya kichwa chako akasema huu mlima hauna mtu. Kwenye kitabu kuna nyumba ya namna hiyo, na habari zimefika kwamba wavamizi wako karibu. Watu wa kilima kizima wamejificha siku tatu. Amri ni moja, hakuna moto, maana nyumba inafichika lakini moshi haufichiki. Asubuhi ya tatu mtoto wa kike wa miaka saba anasikia baridi na njaa, anashindwa kuvumilia, anawasha moto. Moshi unatoka kati ya nyasi. Wavamizi, ambao walikuwa wameshapita, wanageuka. Ng'ombe wanachukuliwa, watu wanakufa. Baadaye nyumba ile inatengwa. Asubuhi watu walizoea kuchukuliana makaa, nyumba moja ikiwasha jirani wanakuja na vigae vya vyungu, lakini kwa yule mtoto hakuna aliyekuja tena kuomba moto, mpaka akaolewa mbali, mpaka akazeeka.

Kimeandikwa vizuri sana. Nilikisoma nimesimama kwenye duka la vitabu nikalia kwa ajili ya mtoto wa watu. Halafu nikafika ukurasa wa mwisho. Mwalimu ameandika kwamba ukipita Tumati leo asubuhi, utamwona binti wa yule mtoto, bibi mzee aliyejifunga shuka, amesimama mlangoni mwake, hathubutu kuwasha moto mpaka aone moshi wa jirani.

Loo! Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Unaelewa alichofanya? Wavamizi, waliochinja watu, aliwafichia mpaka kabila. Bibi yangu, aliyemnywesha maziwa, alimwachia wazi mlango wake, shuka lake na kijiji chake. Jina tu ndilo hakuandika, na jina la nini wakati Tumati nzima kuna bibi mmoja wa namna hiyo? Eti amemficha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo yetu ilikuwa koti la kahawia.

Kitabu kiliingia shuleni, kutoka shuleni kikaingia majumbani. Sikwambii watu walikuwa wabaya. Laiti wangekuwa wabaya, ningejua pa kurusha mawe. Walikuwa na utani tu. Kwenye jumuiya, akina mama wakiwa wanaagana baada ya sala, mmoja akamwambia, "Bibi, kesho usubiri moshi wangu, nitawahi." Wakacheka. Bibi akacheka pia. Watoto nao wakatunga mchezo wao wakati wa mapumziko: mmoja anakuwa mtoto wa moshi, anachuchumaa, wengine wanazunguka juu yake wakiimba "umewasha wewe, umewasha wewe." Miaka mingi baadaye nimepima sare za watoto hapa dukani wakiimba hayo hayo, futi iko mkononi mwangu, nami nawaambia simama wima mwanangu, vuta pumzi.

Jioni ile ya jumuiya, nikiwa nimerudi nyumbani kutoka Mbulu mjini, Bibi aliniambia nimsomee kitabu chote, nikigeuze kwa Kiiraqw. Nilijaribu kuruka ukurasa wa mwisho akagundua, akasema soma. Nikasoma. Nilingoja alie au atukane. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Baba yuko wapi?"

"Baba gani, Bibi?"

"Baba wa yule mtoto. Babu yangu. Nilimpa Mwalimu. Amempeleka wapi?"

Ndipo akaniambia mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mtoto yule hakushindwa kuvumilia. Mtoto alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na ndama. Ni baba yake, mwenye nyumba, aliyeamka na njaa, akasema, "Washa, nipate uji." Mama wa mtoto akakataa. Baba akamgeukia mtoto, "Washa wewe." Na mtoto wa kwetu akiambiwa na baba anafanya. Akawasha. Yalipokwisha yale yote, wazee walipokaa kuuliza, baba alisimama mbele yao akasema, "Mtoto ndiye aliyewasha." Hakusema uongo hata chembe. Na yule mtoto, mama yake Bibi yangu, aliibeba kauli hiyo maisha yake yote, akamwachia binti yake. Kilichomfungua Bibi mdomo baada ya miaka yote ile ni hicho tu, mtu aandike kwamba mtoto alitumwa.

"Ya mlango na shuka nimemsamehe," Bibi alisema. "Aibu nimeizoea. Lakini kamuulize, baba yuko wapi."

Nilikwenda siku ya pili yake. Nikamkuta shuleni kwenye sherehe, kuna wageni kutoka mjini, anasaini vitabu, koti limepigwa pasi. Nilimsalimia kwa adabu, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, kisha nikamuuliza palepale. Alinivuta pembeni. Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi.

"Mwanangu, nilichoandika si uongo," akasema. "Mtoto ndiye aliyewasha. Tutazungumza siku nyingine."

Yaani alitumia maneno yale yale! Ya baba yule, mbele ya wazee wale. Sijui kama alijisikia. Alinipa kitabu chenye sahihi yake, nikakichukua, maana mikono ya mtoto aliyelelewa vizuri hupokea kabla akili haijaamka. Bibi nilimwambia kwamba Mwalimu ana wageni, atakuja.

Hakuja, akaja kwenye msiba. Bibi alifariki kabla mwaka haujaisha, alilala tu, asubuhi ya ukungu. Mwalimu alifika na sukari na majani ya chai, akakaa na wazee, na mgeni mmoja alipouliza marehemu alikuwa nani, nikamsikia kwa masikio yangu akisema kwa fahari, "Ndiye yule wa kitabu changu." Kitabu changu! Nilikuwa nimeshika birika. Mungu anajua jinsi birika lile lilivyopona.

Baada ya hapo sikusema naye miaka kumi na tano. Nikimwona barabarani nilivuka upande wa pili, na ukizijua salamu za kwetu utajua hilo ni tusi kubwa kiasi gani. Alistaafu akahamia Daudi, kwenye shamba lake la vitunguu saumu. Wanawe wako mbali, nasikia husalimia kwa simu. Mtu aliyewapa watoto wa wilaya mbili babu zao, wa kwake wajukuu hawamjui sura. Ningeweza kusema amevuna alichopanda, lakini sikufurahia, na hilo nalo liliniudhi.

Mwaka jana, mvua za vuli zinaanza, akanitumia ujumbe kwa mama mmoja anayemsaidia kupika. Mwalimu anakuita, koti limechanika bitana, anasema hataki fundi mwingine. Watu husema kataa neno, usikatae wito. Nilifunga duka, nikachukua sindano na uzi wa kahawia, nikaenda.

Alikuwa amekaa chumbani karibu na dirisha, mwembamba, macho yameingia ukungu. Nikapiga hodi mara tatu ingawa mlango ulikuwa wazi. "Shikamoo Mwalimu." Akanitambua kwa sauti. "Marahaba. Umekawia, mwanangu." Kana kwamba alinituma dukani jana.

Nikalichukua koti, nikaanza kushona. Bitana ilikuwa imechanika kwenye mfuko wa ndani, ule wa mahindi. Nilipomaliza, nikakata uzi kwa meno, nikasema, "Mwalimu, Bibi aliniachia swali. Nalibeba mpaka leo. Baba yuko wapi?"

Alilipokea koti akaliweka mapajani. Halafu akaonyesha kwa kidole chini ya kitanda, sanduku la bati. "Daftari la tatu kutoka juu. Mimi siyaoni tena maandishi. Tafuta mwenyewe."

Yalikuwa madaftari ya shule, majedwali ya kuzidisha yamefifia nyuma. La tatu lilikuwa la Bibi. Nilijua kabla sijasoma, kwa sababu ukurasa wa kwanza kabisa aliandika: *Walikula nini: mtama uliolowekwa, bila kupikwa, siku tatu.* Nikageuza kurasa. Na baba yupo! Kurasa mbili nzima. Ana njaa, anamgeukia mama, anamgeukia mtoto, anasema washa wewe. Anasimama mbele ya wazee. Yote, kama Bibi alivyonisimulia, kwa mwandiko mzuri wa penseli. Na juu yake umepita mstari mrefu, kutoka pembe hadi pembe. Pembeni kuna alama. Chini ya alama, kwa herufi ndogo: *Darasa la 4, Ijumaa. Sehemu ya baba. Mjukuu wake mwenyewe ameangalia dirishani. Toa.*

Mjukuu wake mwenyewe, yaani wa Bibi, ni mimi.

Nilisoma tena. Nikaikumbuka Ijumaa, siyo ile, Ijumaa zote, maana zilifanana: njaa, dawati, moshi wa jiko la shule kwenye dirisha, nami natazama kama umekuwa mwembamba. Mwalimu anasoma habari za baba fulani wa zamani. Sikujua ni baba yetu. Mimi niligeuza shingo.

"Umeona?" Mwalimu akasema taratibu. "Nilikuficha miaka yote hii nisikuumize. Lile swali lako lilinichoma, lakini ningekujibu nini? Siyo mimi niliyemtoa baba, mwanangu. Ni wewe. Mimi nilifuata shingo."

Nitakueleza ukweli, nilikubali. Kwa muda wa kama kumeza mate mara mbili hivi, niliubeba ule mzigo wote, nikawa nimeshaanza kumwomba Bibi msamaha moyoni. Kisha nikamtazama yule mzee ameketi na koti lake mapajani, lililoshonwa na mimi, uso umetulia, wa mtu aliyemaliza kukabidhi. Na hasira ikanipanda kutoka kwenye unyayo.

"Mwalimu, mwaka ule nilikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi. Labda kumi na moja."

"Nilikuwa nimekunywa chai asubuhi?"

Alijua nyumba yetu, alijua ukungu.

"Penseli ilikuwa mkononi mwa nani?"

Vidole vyake vikapapasa mfuko wa chini kulia.

"Basi unaniambia mtoto ndiye aliyewasha."

Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyasikia maneno yale yakirudi kwake. Alinyoosha mkono kutafuta daftari, nikalisogeza mbali. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, kama alivyokaa mbele ya Bibi, nikalifungua kwenye ule mstari.

"Leo nasoma mimi," nikamwambia. "Wewe ni darasa la nne."

Nikaanza. Nilisoma kwa sauti, taratibu, kama alivyotufundisha, nikipumua kwenye nukta. Mtoto amelala kwenye ngozi karibu na ndama. Baba anaamka. Mama anakataa. Nilipofika mahali ambapo baba anageuka na kusema, "Washa wewe," niliinua macho. Mwalimu, ambaye haoni mti wala jirani, alikuwa amegeuza shingo anaangalia dirishani.

Nilimwona, nikaendelea kusoma. Sikuruka hata neno.